Mlembe na Warina Asali: Habari ya Ushahidi wa Mdomo Uliopimwa

Makusudi ya insha hii ni kueleza historia ya ujuzi mmoja mdogo, nao ni ujuzi wa ndege aitwaye mlembe, ambaye huwaongoza watu hata penye nyuki. Warina asali wa Afrika waliujua ujuzi huu tangu zama ambazo hakuna aliyeziandika. Wageni waliandika habari zake kwa muda wa miaka mia nne. Wengine wakazisadiki na wengine wakazikana. Mwisho mwanafunzi mmoja wa Kenya alizifanya kuwa kazi ya shahada yake ya udaktari, akazipima kwa saa na kwa dira.

Yawezekana msomaji akauliza habari ya ndege yawahusu nini wachunguzi wa lugha. Yawahusu kwa sababu mbili. Kwanza, mashindano juu ya mlembe hayakuwa hasa mashindano juu ya ndege. Yalikuwa juu ya ushahidi, yaani neno la msemaji asiyeandika lina uzito gani mbele ya neno la mwenye kuandika. Pili, kati ya mtu na ndege huyu pana wito, na wito huo hutofautiana nchi kwa nchi kama lugha zinavyotofautiana. Wito una wenyewe, una mipaka, hurithiwa na mtoto kwa baba, na waweza kufa. Kwa hiyo aliyezoea kukusanya maneno ya watu ataona katika habari hii mambo mengi asiyokuwa mgeni nayo.

I. Ndege na jina lake

Wataalamu wa elimu ya viumbe humwita mlembe mkubwa kwa jina la Kilatini Indicator indicator, na maana yake ni mwonyeshaji. Hupatikana katika sehemu nyingi za Afrika kusini ya jangwa la Sahara. Si ndege wa kutazamwa kwa uzuri. Urefu wake ni kadiri ya sentimita 20 na uzito wake gramu 50 hivi. Rangi yake ni ya kijivu na hudhurungi. Dume hutambulikana kwa koo jeusi, baka jeupe shavuni na mdomo wenye rangi ya waridi.

Ajabu yake ni chakula chake. Hula wadudu kama ndege wengine, na hupenda mabuu ya nyuki, lakini zaidi ya hayo hula nta na kuiyeyusha tumboni mwake, jambo ambalo viumbe wachache mno waliliweza. Nta haipatikani kwa urahisi. Imo ndani ya mvungu wa mti au ufa wa mwamba, na walinzi wake ni nyuki wakali ambao waweza kumwua ndege. Mlembe hana nguvu za kupasua gogo wala hana moshi wa kuwapumbaza nyuki. Binadamu ana shoka na moto, lakini hana mabawa ya kulizunguka pori zima kila siku na kujua ni mti gani ulioingiwa na nyuki. Basi kila mmoja anacho akikosacho mwenziwe. Mtu huchukua asali, na ndege hubakia na nta.

Waswahili husema: Fuata nyuki ule asali. Methali hii ni ya watu wote wanaoisema lugha yetu, na makusudi yake ni mafunzo ya maisha, si mafunzo ya urinaji. Mrina mwenyewe, katika nchi zenye ndege huyu, mara nyingi hamfuati nyuki, humfuata mlembe.

Maneno ya kazi hii katika Kiswahili yanastahili kutazamwa kidogo. Neno asali tumelipata kwa Waarabu. Lakini nyuki, nta, mzinga na kurina ni maneno ya Kibantu, na ndugu zake yamo katika lugha nyingi za bara. Wakikuyu humwita nyuki njũkĩ, na asali huiita ũũkĩ, neno la shina hilo hilo. Yaonekana kwamba jina la bidhaa ile iliyouzwa sokoni lilibadilika kwa mazoea ya biashara, lakini majina ya mdudu, ya makao yake na ya kazi yenyewe yalibakia kama yalivyokuwa. Hii ni alama ya kwanza kwamba ujuzi wa nyuki ni ujuzi wa kale wa nchi hii.

II. Walioandika na waliokana

Ushahidi wa kale ulioandikwa watoka Sofala, bandari ile ambayo hapo zamani ilifungamana na Kilwa kwa biashara ya dhahabu. Mwishoni mwa karne ya 16 aliishi huko padri Mreno wa shirika la Wadominiko, jina lake João dos Santos. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1609 alieleza habari za ndege wadogo walioingia kanisani wakidonoa nta ya mishumaa ya altare. Alieleza pia kwamba ndege hao huwaongoza watu mwituni mpaka penye nyuki, ili wapate kula masega yaliyoachwa. Habari yake ni fupi na haina mapambo. Lakini tukiitazama vizuri twaona imechanganya mambo ya namna mbili: ndege wa kanisani aliwaona mwenyewe, na habari ya mwituni ni dhahiri kwamba kwanza ilikuwa ujuzi wa wenyeji.

Katika karne ya 17 padri mwingine Mreno, Jerónimo Lobo, aliandika habari kama hiyo kutoka Ethiopia. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiingereza na Samuel Johnson mwaka 1735, nacho kikasomwa sana Ulaya. Kisha alikuja Anders Sparrman, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, ambaye alisafiri katika nchi ya Rasi kusini mwa Afrika. Mwaka 1777 barua yake juu ya mlembe ilichapishwa mjini London katika jarida la Royal Society, na tangu hapo ndege akapata mahali katika vitabu vya elimu ya wanyama.

Katika habari za Sparrman mna jambo moja ambalo lapita mengine yote kwa faida. Alitaka kupata mlembe wa kumchunguza, akawaahidi wenyeji waliofuatana naye shanga na tumbaku ikiwa watamsaidia kumnasa. Walikataa, wakasema kwamba ndege huyo ni rafiki yao na hawatamsaliti. Sparrman aliandika jambo hili kama kisa cha safari. Sisi twaweza kulisoma kama hati ya sheria, maana laonyesha kwamba kati ya watu wale na ndege palikuwa na ahadi iliyotambulikana, na ahadi hiyo ilikuwa na nguvu kuliko ujira wa mgeni.

Mwaka 1790 alitokea mkanushaji. James Bruce, msafiri wa Scotland aliyekaa Ethiopia, alichapisha kitabu kikubwa cha safari zake, na humo aliidhihaki habari ya ndege anayeongoza watu. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye amekaa katika nchi ile na hakuliona jambo hilo. Hoja ya namna hii ni dhaifu, kwa kuwa kutoona si ushahidi wa kutokuwapo. Walakini ilikuwa na nguvu kwa wasomaji wa wakati ule, kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyefika. Hivyo mashindano yakawa kati ya msafiri na msafiri. Mrina asali, ambaye ndiye mwenye kujua, hakuitwa kutoa ushahidi.

Hali hii iliendelea kwa muda mrefu. Katika mwaka 1955 Herbert Friedmann, mtaalamu wa ndege wa Marekani, alitoa kitabu kikubwa juu ya jamii nzima ya ndege hawa, akikusanya humo habari zote zilizopata kuandikwa. Kazi yake ni ya kuheshimiwa, na hakuna aliyeandika baada yake bila ya kumrudia. Yeye hakukana kwamba mlembe huongoza. Shaka yake ilikuwa katika jambo jingine, yaani kama ndege anajua kweli mahali anapokwenda, au huzungukazunguka tu na mtu nyuma yake mpaka bahati iwafikishe penye nyuki. Swali hilo lilikuwa zuri, lakini kwa kukusanya maandishi tu lisingeweza kujibiwa. Lilihitaji mtu aende porini, akae miaka, na ajue la kuwauliza wenye kazi.

III. Mwanafunzi kati ya Waborana

Mtu huyo alikuwa Hussein Isack, Mkenya, mtaalamu wa ndege wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kazi yake juu ya mlembe ilimpatia shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1987. Miaka miwili baadaye, yaani 1989, yeye na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Maandishi yao ni ya kurasa chache tu, lakini yalimaliza shaka za karne mbili.

Mahali pa uchunguzi palikuwa kaskazini mwa Kenya, nchi kavu ya Waborana, wafugaji wasemao Kioromo. Njia aliyoitumia Isack ndiyo inayotuhusu zaidi. Hakuanza na ndege. Alianza na maneno ya watu. Waborana walisema kwamba mlembe huwaarifu mambo matatu: upande uliko mzinga, umbali wake, na kwamba sasa wamefika. Upande hujulikana kwa jinsi ndege anavyoruka. Umbali hujulikana kwa muda anaopotea machoni baada ya kukutana na watu kwa mara ya kwanza, na kwa urefu wa kituo hata kituo, na kwa jinsi anavyotua juu au chini mtini. Kufika hujulikana kwa mlio wa namna nyingine, ambao ni mpole na wenye mapumziko marefu.

Mtu mwingine angeliyaandika maneno haya katika sura ya mila na desturi, akayaacha hapo. Isack aliyachukua moja moja kama madai yanayoweza kuwa kweli au uongo, akayatafutia kipimo. Safari za ndege ziliandikwa kwa dira. Muda wa kupotea kwake ulipimwa kwa saa. Vituo vilihesabiwa, na urefu wa matawi aliyotua ukapimwa. Kazi hii ilichukua miaka mitatu.

Ikaonekana kwamba Waborana wamesema kweli. Ndege alielekea upande wa mzinga. Kadiri walivyokaribia, vituo vilifupika na ndege alitua chini zaidi. Walipofika, mlio ulibadilika. Tena wachunguzi waliokaa mafichoni walimwona mlembe akiyatembelea makao ya nyuki na kuchungulia ndani, wakati watu wa kumwongoza hawapo kabisa. Kwa hiyo swali la Friedmann lilipata jibu: ndege anajua anapokwenda, maana amekwisha kupakagua.

Faida nayo ilipimwa. Katika nchi wasiyoizoea, Waborana waliotafuta peke yao walitumia kwa wastani saa 8.9 kabla ya kuona makao ya nyuki. Walioongozwa na ndege walitumia saa 3.2. Kwa upande wa ndege, asilimia 96 ya makao hayo yalikuwa ya namna ambayo mlembe asingeweza kuifikia nta mpaka mtu ayafungue kwa moto au kwa chombo. Basi hakuna anayemfanyia mwenziwe hisani tu. Kila mmoja ana haja yake.

Waborana nao humwita ndege. Wana mbinja iitwayo fuulido, ambayo hupigwa kwa kupuliza katika ngumi mbili zilizofumbwa, au katika gamba la konokono lililotengenezwa, au katika kokwa la mkoma lililotobolewa ndani. Sauti yake husikika mbali zaidi ya kilomita moja. Ilipopigwa, nafasi ya kukutana na mlembe iliongezeka mara mbili.

Palibaki dai moja. Waborana walisema kwamba mzinga ukiwa mbali sana, kadiri ya kilomita 2 au zaidi, mlembe huwadanganya watu kwa kufanya vituo vifupi, wasije wakakata tamaa njiani. Jambo hili wachunguzi hawakupata hesabu za kulithibitisha. Lakini hawakulitupa. Walieleza waziwazi kwamba hawana ushahidi wao wenyewe, wakaongeza kwamba hawaoni sababu ya kulitilia shaka, kwa kuwa mengine yote waliyoambiwa na watu wale yalikuwa kweli. Kwa maoni yetu hapa ndipo palipo kilele cha habari yote. Bruce aliukana ushahidi wa wenyeji kwa sababu yeye hakuona. Isack na mwenzake walikuta jambo wasiloliona, wakalihifadhi kwa heshima ya shahidi aliyekwisha kupimwa.

IV. Wito wa Wayao na mbinja ya Wahadzabe

Mbegu iliyopandwa na Isack ilizaa mahali pengine. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode pamoja na Keith na Colleen Begg walitoa habari za uchunguzi wao katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, kati ya Wayao. Hawa ni jamaa za Wayao wa Tunduru na Masasi, kabila ambalo misafara yake ilijulikana sana Kilwa katika siku za biashara ya pembe.

Wito wa Wayao wa Niassa haufanani na wa Waborana. Ni mtetemo mkali wa sauti, brrr, unaofuatwa na mguno mfupi, hm. Warina walipoulizwa kwa nini hutumia sauti hiyo, walijibu kwamba wamefundishwa na baba zao na kwamba ndiyo njia bora ya kumpata ndege. Wachunguzi walitembea porini wakipiga kwa chombo mojawapo ya sauti tatu: wito huo, au maneno mengine ya watu, au mlio wa ndege mwingine. Kwa sauti zile nyingine, nafasi ya kuongozwa na mlembe ilikuwa asilimia 33 hivi. Kwa wito wa Wayao ilikuwa asilimia 66. Na nafasi ya kuongozwa mpaka kuonyeshwa makao ya nyuki iliongezeka kutoka asilimia 16 hata 54. Kwa hiyo mlembe hakuvutwa na sauti yoyote ya mtu. Alitambua sauti yenye maana.

Hapo swali jipya likazaliwa. Je, maana hiyo ni ile ile kwa ndege wa nchi nyingine? Karibu na ziwa Eyasi, Tanzania, wanaishi Wahadzabe, watu wachache ambao baadhi yao hata leo hupata riziki kwa kuwinda na kuchuma. Lugha yao yenye vidoko haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote, na humwita mlembe kwa mbinja ya namna ya wimbo. Mtaalamu Brian Wood, aliyekaa nao miaka mingi, alionyesha mwaka 2014 kwamba ndege huyu huongeza wepesi wao wa kuona makao ya nyuki kwa asilimia 560. Mwaka 2023 yeye na Spottiswoode walichapisha jaribio walilolifanya pamoja. Walipiga sauti hizo hizo mahali pawili, katika vilima vya Kidero kwa Wahadzabe na huko Niassa kwa Wayao, nchi mbili zilizotengana kwa kilomita 1,000 hivi. Huko Kidero ndege waliitikia mbinja ya Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Wayao. Huko Niassa waliitikia wito wa Wayao karibu mara mbili kuliko mbinja ya Wahadzabe. Kila ndege alijua lugha ya kwao.

Jambo hili halina budi kuwastaajabisha watu wa elimu ya lugha. Sisi husema kwamba sauti ya neno haina ulazima na maana yake, bali hufungwa nayo kwa mapatano ya wasemaji. Hapa mapatano hayo yamevuka mpaka wa ubinadamu. Brrr-hm haina asali ndani yake, wala mbinja haina nta. Maana imewekwa na mazoea ya watu wa mahali, na ndege wa mahali ameyapokea.

Lakini ndege ameyapokea kwa nani? Hawezi kuwa amefundishwa na wazazi, maana mlembe halei watoto wake. Jike hutaga katika shimo la ndege mwingine, kama kigong'ota au hudihudi, kisha huenda zake. Kinda hutoka yaini na ndoana kali mdomoni, na kwa ndoana hiyo, akiwa bado kipofu na bila manyoya, huwaua makinda wa mwenye nyumba. Jambo hili Spottiswoode na mwenzake walilipiga picha huko Zambia. Uchunguzi wa urithi katika damu umeonyesha kwamba nasaba za majike wanaotaga katika mashimo ya ndege mbalimbali zimetengana kwa mamilioni ya miaka. Basi kinda hulelewa na mgeni asiyejua lolote juu ya nta wala juu ya watu. Yaelekea hamu ya kuongoza ni silika aliyozaliwa nayo, iliyojengwa katika mageuzi ya muda mrefu. Lakini maana ya wito wa nchi yake hujifunza akiwa mkubwa, porini, kwa kuona ni sauti gani huleta watu wenye moto. Silika imempa masikio, na watu wamempa maneno.

Hata malipo hayafanani. Wayao wa Niassa humwandalia mlembe nta juu ya majani mabichi. Wahadzabe mara nyingi huyaficha masega, huyafukia au huyachoma, ili ndege abaki na njaa na kuendelea kuongoza. Mtu asiharakishe kuwaita hawa wema na wale wachoyo. Kila watu wamepata kanuni yao, na kila kanuni imedumu kiasi cha kutosha kuwa desturi.

V. Kisa cha nyegere

Insha hii isieleweke kana kwamba kila linalosemwa juu ya mlembe ni kweli. Tangu karne ya 18 imekaririwa kwamba ndege huyu humwongoza pia nyegere, mnyama yule shupavu apendaye asali, na vitabu vingi vya watoto vimepamba kisa hicho kwa picha. Mwaka 1990 wataalamu watatu wa Afrika Kusini walikihesabu kuwa hadithi isiyo na shahidi wa kuaminika. Mwaka 2023 kundi la wachunguzi lilichapisha habari nyingine: waliwauliza warina karibu 400 wa jamii 11 katika nchi tisa za Afrika. Katika jamii nyingi watu walisema hawajaona jambo hilo kabisa. Lakini katika jamii tatu za Tanzania wengi walisema wameona, na kati ya Wahadzabe waliosema hivyo walizidi nusu.

Wachunguzi hawakutangaza kwamba kisa ni kweli, wala hawakukitupa. Walisema kwamba huenda jambo hilo lipo mahali pachache tu. Hii ndiyo adabu ambayo historia ya mlembe imeifundisha. Neno lililoandikwa mara mia na watu walionakiliana ni shahidi mmoja, na huenda si shahidi kabisa. Neno la watu waliokaa na jambo lenyewe, hata likiwa halijaandikwa, lastahili kuulizwa, kulinganishwa na kupimwa. Si kila la mdomo ni kweli, wala si kila la kitabu.

VI. Linalopotea

Friedmann katika kitabu chake, na Isack na Reyer baada yake, waligusia jambo la huzuni. Mahali ambapo watu wameacha kurina, wakanunua sukari dukani, mlembe huacha kuongoza. Ndege mwenyewe hafi. Anao wadudu wa kula. Kinachokufa ni mapatano. Ndege kijana hapati mtu wa kumfuata, hasikii wito wenye maana, na baada ya muda hakuna tena ndege wala mtu anayejua kwamba palikuwa na wito.

Msomaji ataona mfano wa jambo hili na kufa kwa lugha. Lugha haifi kwa kuwa wasemaji wake wote wamefariki. Mara nyingi hufa watoto wakiwa wazima, kwa sababu hawana tena haja ya kuitumia. Tofauti ni kwamba lugha iliyoandikwa hubakia kitabuni, ingawa haina mwenye kuisema. Wito wa mlembe una wasikilizaji wawili, na mmoja wao hasomi vitabu. Ukisha kutoweka pande zote mbili, karatasi peke yake haiwezi kuurudisha.

Kwa hiyo ipo kazi inayotufaa sisi, nayo si ya kungojea wataalamu wa wanyama. Katika nchi za Tabora, Rukwa, Ruvuma, Ukambani na kwingineko wapo wazee waliorina tangu ujana. Kila mmoja ana jina la ndege huyu katika lugha yake. Ana jina la mlio wa kuongoza na jina la mlio wa kufika, ikiwa lugha yake hutofautisha. Ana wito wake, ambao hauwezi kuandikwa kwa herufi zetu barabara, na kwa hiyo hauna budi kunaswa kwa chombo cha sauti. Ana masharti ya malipo, na sababu anazozitoa kwa masharti hayo. Wapo pia warina ambao hawana wito wowote, na ukosefu huo nao ni habari ya kuandikwa. Kamusi zetu humpa mlembe mstari mmoja tu, kwamba ni ndege anayeonyesha asali. Mstari huo ni kweli, lakini haumwambii mtu kama ndege huitwa, wala kwa sauti gani, wala hulipwa nini.

Isack alipokwenda kwa Waborana hakuchukua ujuzi mpya wa kuwapelekea. Alichukua dira, saa na subira, akawauliza wenye kazi wamweleze wanachokijua, kisha akaenda kutazama kama ndivyo. Miaka 200 ya mabishano ya wasafiri ilimalizwa kwa njia hiyo. Twaamini kwamba yako mambo mengine mengi yaliyolala katika maneno ya watu wetu, juu ya mimea, juu ya mvua, juu ya samaki na wanyama, ambayo yangali yakiitwa hadithi kwa sababu moja tu, kwamba hajatokea mtu wa kuyauliza kwa lugha yao na kuyapima kwa haki.